Maji ya Nne

Nyumbani kwa Bibi Raheli maji hayakumwagwa kabla hayajafanya kazi tatu. Yaliosha mboga, kisha yakaosha vyombo, kisha yakaenda kwa kuku au kwenye shina la mpapai. Kisima kilikuwa nyuma ya mawe makubwa, na mtu aliyewahi kushuka mawe yale na ndoo kichwani hawezi kuyaona maji kama kitu cha kumwaga tu. Vipande vya sabuni vilivyokonda alivifinya pamoja mpaka vikawa kipande kimoja chenye rangi nne. Magunzi ya mahindi yalipika, na majivu ya magunzi yakasugua sufuria. Khanga ikichanika iligeuka nepi ya mtoto wa jirani, na nepi ikichakaa ikarudi kuwa tambara la kuepulia chungu.

"Mama," mkwewe Dina alikuwa akimtania, "moshi nao ungekuwa unashikika, ungeufunga kwenye mfuko."

"Na wewe ungenishikia mdomo wa mfuko," Bibi Raheli alimjibu.

Dina alikuwa mke wa mwanawe Sostenes. Alikuwa na mdomo mwepesi, lakini hata mikono yake ilikuwa myepesi. Kila alfajiri alikwenda kisimani kabla ya kwenda shambani, ili mama mkwe asipande mawe na magoti yake yale. Bibi Raheli aliliona hilo. Hakulisema, ila uji wa Dina haukukosa karanga hata siku moja.

Mwaka huo mvua zilianza vizuri, halafu zikakatika katikati ya Januari. Sostenes alikuwa amenunua mbegu ya mahindi ya dukani, ile iliyopakwa dawa nyekundu. Alipoona mbingu zimefunga, aliacha kupanda kipande cha bondeni, na mbegu ikabaki kama kilo tatu. Siku ya kuondoka kwenda Manyoni, alikopata kazi ya ujenzi, alimwekea mama yake mfuko ule mbele ya miguu.

"Mama, hii isikae humu ndani. Itumbukize chooni. Ina sumu."

"Nimesikia."

Kusikia alisikia. Lakini mfuko ulikaa chini ya kitanda wiki mbili, na kila alipofagia ufagio uliugusa, naye akainama akaushika, akausikia uzito wake. Februari ni mwezi mgumu pale kijijini, jirani na Mungaa. Ghala linaonyesha sakafu yake, na shambani bado ni majani matupu. Nazo punje zile zilikuwa nene, zinafanana kama ndugu, hakuna hata moja iliyotobolewa na fukusi. Alipokuwa mtoto, katika mwaka wa njaa, mama yake alikuwa akiomba pumba kwa majirani ili azipepete tena apate punje zilizoponyoka, na wapo majirani waliokuwa wakiacha punje chache makusudi. Mtu aliyekuzwa na punje zile, halafu umwambie atumbukize mahindi chooni.

Dawa imepakwa kwa juu, alijisemea. Na kilichopakwa huoshwa.

Jumanne asubuhi, Dina alipokwenda kwenye palizi, Bibi Raheli alimimina mbegu ile kwenye beseni. Mfuko wenyewe ulikuwa wa nailoni ngumu, akaona haya kuutupa. Akaugeuza ndani nje, akaufuta, akautilia chumvi yake ya jikoni iliyokuwa ikilowa kwenye karatasi. Kisha akaanza kuosha. Maji ya kwanza yalitoka mekundu kama damu ya mbuzi. Hayo aliyapeleka mbali, kwenye shimo la taka. Ya pili aliyatia majivu, akasugua punje kwa viganja, yakatoka na wekundu uliofifia. Ya tatu yalibaki na rangi kidogo tu; hayo mawili nayo yakafuata shimoni. Maji ya nne yalikuwa meupe. Aliyateka kwa kata, akayainua juani, akaviona vidole vyake ng'ambo ya pili. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu tangu mwaka uliopita, lakini jambo hilo hakulikumbuka wakati ule.

Ndoo nzima ya maji meupe. Akayamimina kwenye karai la kuku. Mahindi akayaanika juu ya turubai, akaweka jiwe kila pembe, na moyoni akapanga kuyapeleka mashineni Jumamosi.

Saa sita jua lilipokuwa utosini, alitoka jikoni akamkuta jogoo amesimama chini ya kichanja, mbawa zimeshuka, shingo imepinda, ute unamtoka mdomoni. Matetea wawili walikuwa wamelala ubavu wakipigapiga miguu. Kuku wake walikuwa saba, na wote saba hali yao ilikuwa hiyohiyo. Bibi Raheli akasema kwa Kinyaturu neno ambalo mama yake alikuwa akilisema mvua ya mawe ikishuka juu ya uwele.

Mdondo, aliwaza. Wiki ileile mtu aliyetoka Mandewa kumwona binti yake alikuwa amesema mdondo umemaliza kuku wa mtaa mzima kule. Na mdondo ukiingia, kila mwanamke wa huku anajua la kufanya. Kuku akifa mwenyewe ni mzoga, utamzika. Akiwahiwa na kisu angali anapumua, ni kitoweo. Watu wa kwao walikuwa wakila kuku wa mdondo tangu enzi za wazee, na hakumbuki aliyeugua.

Akakimbilia kisu. Aliwahi watatu, wanne wakamponyoka.

Alikaa kwenye kigoda akinyonyoa, na machozi yalimtoka kidogo, kwa maana matetea wale walikuwa wamemlipia mjukuu anayesoma mbali daftari na mafuta ya taa mwaka mzima. Lakini kabla hajamaliza kuku wa kwanza alikuwa ameshaanza kufikiri nani wa kumpelekea. Nyama ikiwa nyingi siku moja, kuila peke yako ni aibu. Akamkumbuka Witness, msichana aliyejifungua Ijumaa iliyopita, mkwe wa rafiki yake Aneth. Mume wa Witness, Enock, alikuwa Manyoni kwenye ujenzi uleule wa Sostenes. Mzazi wa siku ya nne anataka supu, si mlenda peke yake.

Akamchagua tetea aliyenona kuliko wote. Hakumpasua, ili Aneth mwenyewe apange vipande atakavyo. Akamweka kwenye bakuli, akamfunika kwa sahani, akaenda.

"Umechinja katikati ya wiki?" Aneth alimuuliza mlangoni. "Nani anaposa kwako?"

"Mdondo umeingia, Mama Enock. Nimewahi watatu tu."

"Pole, mwenzangu. Pole sana."

"Huyu ni wa mzazi. Mchemshie supu nzito. Usimpunje."

"Nimpunje mimi? Anayehesabu njiti za kiberiti ni mimi au wewe?"

Wakacheka wote wawili. Bibi Raheli akarudi kwake akiwa amepungukiwa huzuni. Akawapasua wale wawili waliobaki, akachana nyama vipande vyembamba, akavitungika juu ya moshi wa jiko vikauke, viwafikishe mwezi wa tatu. Yeye mwenyewe hakuonja hata kipande. Alikuwa akiwawekea wengine.

Saa tisa Dina alirudi kutoka shambani, jembe begani. Akasimama kwenye turubai.

"Mama, haya mahindi yametoka wapi?"

Bibi Raheli alikuwa akipuliza moto. Hakugeuka mara moja. "Nimeyaosha," alisema. "Mara nne."

"Ni ile mbegu?"

"Nimeyasugua kwa majivu. Maji ya mwisho yalikuwa meupe kabisa, Dina. Ungeyaona."

Dina aliteremsha jembe. Akatazama rundo la manyoya, akatazama kuku wanne waliolazwa chini ya ungo wakisubiri kuzikwa. Akaenda mpaka kwenye karai, akachovya kidole, akakinusa, akakifuta kwenye sketi mara mbili.

"Hayo maji ya mwisho," aliuliza, "ulimwaga wapi?"

Sauti yake haikuwa ya kugomba. Ilikuwa sauti ya mama anayembembeleza mtoto ateme alichokitia mdomoni. Sauti hiyo ndiyo iliyomtisha Bibi Raheli kuliko kelele yoyote. Alilitazama karai. Alilitazama muda mrefu, na kitu ndani ya kifua chake kikashuka polepole kama ndoo inavyoshuka kisimani.

"Nilijua ni mdondo," alisema.

"Umekula nyama hiyo?"

"Bado."

"Mungu ashukuriwe."

"Dina. Nimempelekea Witness."

Dina alivuta nyama yote iliyokuwa juu ya moshi, akaitupia kwenye ndoo na kuifunika. "Wewe nenda kwa Mama Enock," alisema akiwa anaingia ndani. "Mimi natafuta ule mfuko, kisha napita kwa Kefa mwenye pikipiki. Kama kuna aliyekula, tusianze kutafuta usafiri wakati huo."

Bibi Raheli alikuwa ameshaondoka. Alikatisha katikati ya alizeti za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, majani yakimkwaruza mikono. Magoti yalimwaka. Maisha yake yote alikuwa akiomba kuku aive mapema ili kuni zisiishe. Siku ile aliomba tetea yule awe mgumu kama soli ya kiatu. Alikuwa mzee, amekwisha kuatamia mara tano. Kuku wa namna hiyo haivi kwa saa moja. Labda haivi hata kwa saa mbili. Labda kuni za Aneth zilikuwa mbichi.

Alipofika alisikia harufu ya supu kabla hajaona moshi.

Aneth alikuwa mafigani. Ndani, Witness alikaa kitandani mtoto akiwa ziwani, na kwenye kigoda pembeni yake palikuwa na bakuli la supu ya kwanza, ile inayotekwa juu juu kabla nyama haijaiva. Ilikuwa inatoa mvuke. Bibi Raheli alilinyakua kwa mikono miwili, likamuunguza, hakuliachia.

"Umekunywa?"

"Bado, bibi. Ni ya moto."

"Hata kijiko?"

"Hata kijiko. Shikamoo, bibi."

Hata katika hali ile mtoto wa watu alikumbuka kumwamkia. Bibi Raheli akakaa chini, pale pale sakafuni, bakuli mapajani, supu ikimmwagikia khanga.

Aneth aliingia akifuta mikono. "Kuna nini, Mama Sostenes?"

Kulikuwa na namna nyingi za kulisema. Angeweza kusema kuku wameingiliwa na kitu, angeweza kusema Dina ana wasiwasi. Akasema, "Nimewaletea sumu. Niliosha mbegu yenye dawa, maji yake nikawanywesha kuku. Si mdondo. Ni mimi."

Witness alimwondoa mtoto ziwani kana kwamba naye angeambukizwa, halafu akamrudisha, akawa anawatazama wazee wale wawili, huyu kisha yule. Aneth alitoka, wakasikia sufuria nzima ikiepuliwa na kuwekwa chini. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Firigisi," alisema.

Kwao firigisi hailiwi na wanawake. Ni ya mwenye nyumba, na nyumba ya Aneth haikuwa na mwanamume; mumewe alikuwa amekufa siku nyingi, na mwanawe yuko Manyoni. Aneth hakuwa mtu wa kuacha firigisi iharibike. Alipompasua tetea, aliitoa pamoja na maini, akavichoma kwenye makaa na chumvi kidogo, akasonga ugali wa mtama, akampelekea Mzee Melkizedeki, anayeishi peke yake nyumba ya tatu kutoka hapo. Tangu mkewe azikwe, alisema Aneth, hakuna mtu aliyewahi kumpelekea firigisi.

"Lini?" Bibi Raheli aliuliza.

"Saa nane na kitu."

Waliondoka pamoja. Aneth alikuwa na kila sababu ya kwenda mbele na kumwacha nyuma, lakini alimshika kiwiko, akaenda kwa mwendo wa magoti yale mabaya. Bibi Raheli aliusikia mkono ule kwenye kiwiko chake njia nzima.

Mzee Melkizedeki alikuwa amekaa nje, mgongo umeegemea ukuta, sahani iko chini mbele yake. Alikuwa rafiki wa marehemu mumewe Raheli, wakichunga ng'ombe pamoja ujanani, na mpaka leo alimwita shemeji.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mmekuja wawili kufuata sahani moja? Hata kuosha haitaki. Nimeilamba." Alicheka, kisha akameza mate. "Leo nimekula kama mtu mwenye boma lake."

"Ile firigisi, shemeji, umeimaliza?"

"Na maini. Ulitaka nikubakizie?"

Bibi Raheli alipiga magoti mbele yake, akamweleza kila kitu, tangu mfuko ulipokuwa chini ya kitanda mpaka karai la kuku. Hakuruka hata kituo. Mzee alisikiliza huku akitazama mikono yake. Alipomaliza, mzee akajifuta uso kwa kiganja. Ulikuwa umelowa jasho, na mahali pale palikuwa kivulini.

"Nilidhani ni joto," alisema. "Mate nayo yananijaa. Nilidhani ni utamu uliobaki."

Dakika chache baadaye alijikunja akatapika kwenye mchanga, akatapika tena, miguu ikaanza kumtetemeka kama ya wale matetea, na Bibi Raheli alipoiona miguu ile alifumba macho.

Pikipiki ya Kefa ilikuja na Dina nyuma, ameelekezwa na Witness, mfuko umefungwa kwenye kona ya khanga. Kefa hakuuliza kitu. Walimweka mzee katikati, Dina akamkumbatia kwa nyuma, kichwa cha mzee kikalala begani kwa Kefa, wakaondoka kwenda zahanati ya kata. Nafasi ya mtu wa nne haikuwapo. Aneth alirudi kwa Witness. Bibi Raheli akaenda kwa miguu.

Alitembea kama saa moja na nusu. Njiani watu wawili walimsalimu, hakuwasikia. Alikuwa na neno moja tu la kumwambia Mungu, akalirudia: huyu asife. Kama kuna wa kufa kwa ajili ya kilo tatu za mahindi, asiwe yeye.

Muuguzi aliyekuwa zamu alikuwa binti mdogo tu, umri wa wajukuu zake. Mzee alilala, dripu mkononi, midomo inamtetemeka. Binti alikuwa ameusoma mfuko maandishi yake yote madogo, akampigia daktari simu wilayani, akaambiwa sindano ya kumchoma.

"Nani alileta yule kuku?" aliuliza.

"Mimi, mwanangu."

Bibi Raheli alingoja agombezwe. Binti akamvutia kiti.

"Bibi, ndani ya mfuko huu kuna chembe nyeupe. Mliweka nini?"

"Chumvi. Niliona mfuko mgumu, nikautilia chumvi ya jikoni. Leo asubuhi."

"Mmeshaitumia?"

"Bado. Sijapika leo."

Yule binti alifumba macho kidogo, akayafumbua. "Mtaimwaga," alisema taratibu. "Chumvi, na mahindi, na kila kilichoguswa. Mzikeni mbali na maji. Bibi, dawa hizi haziishi kwa kuosha. Nyingine hazionekani kabisa na bado zimo."

"Atapona?"

"Tutajua kesho."

Alisema kweli, maana hakumwambia kuwa atapona. Bibi Raheli alimshukuru kwa hilo.

Asubuhi mzee alikuwa hai. Alikuwa amezama kitandani kama nguo iliyovuliwa, mkono wa kulia ukitikisika wenyewe, lakini alimtambua. Muuguzi alisema watamkalisha siku mbili, na kwamba mkono ule huenda ukatulia, huenda usitulie. Sostenes alipiga simu kwa Dina, naye bado yupo pale zahanati. "Mpe mama," alisema. Bibi Raheli akaishika ile simu, akasikia kelele za zege upande wa pili. "Mama, nilikuambia," alisema Sostenes. "Umelala lakini? Umekula?" Hayo ndiyo aliyouliza.

Walipofika nyumbani Dina alichimba shimo upande usio na njia, mbali na mpapai, kina cha kifua. Bibi Raheli alikataa kusaidiwa. Alibeba mwenyewe kuku wanne, ndoo ya nyama, chumvi, na lile karai lenyewe. Mahindi aliyaacha ya mwisho. Alikaa ukingoni, turubai mapajani, akachota gao moja. Yalikuwa yameshakauka. Yalikuwa mazuri kutazama. Dina aliegemea jembe akaangalia upande mwingine, kama mtu anavyompa mwenzake nafasi ya kuvaa. Hakumharakisha.

Mwisho akayamwaga.

"Ungenipigia kelele," Bibi Raheli alisema wakati udongo unarudishwa.

"Nitapiga, mama. Ngoja kwanza nipumzike."

Habari ilikuwa imeshafika kila mahali. Siku ya pili alipofagia uwanja alikuta mlenda mkavu juu ya jiwe, umefungwa vilevile kwa kamba ya katani aliyoifunga yeye. Alikuwa amempa Asnath, jirani wa ng'ambo ya korongo, wiki iliyopita. Asnath alikuwa ameurudisha bila kubisha hodi. Bibi Raheli aliuokota. Asnath ana watoto watano. Angekuwa yeye, angerudisha vilevile. Alijiambia hivyo, na bado alisimama pale na ule mlenda mkononi mpaka jua likamchoma kisogo.

Mzee Melkizedeki alirudishwa Ijumaa, kwa pikipiki ileile, na Kefa akamshusha kwa kumbeba mgongoni. Muuguzi alisema apewe uji mwepesi mara nyingi kwa siku. Aneth alikuwa na mzazi, na mzee hakuwa na mtu. Bibi Raheli alikaa kitandani kwake akizigeuzageuza khanga zake, hajui kama anayo haki ya kwenda.

"Nenda," Dina alisema. "Pika kwake. Unga wake, maji yake, sufuria yake. Usibebe kitu kutoka hapa."

Alikwenda mikono mitupu, na hakuwahi kuingia nyumba ya mtu mikono mitupu tangu aolewe. Akamwamkia mzee, aliyejilaza barazani chini ya blanketi. Akaosha mikono kwa sabuni, akaiosha tena, ya pili hakukumbuka kukinga maji, yakaingia ardhini. Akakoroga uji wa uwele wa mzee mwenyewe kwa maji ya mtungi wa mzee mwenyewe. Njiani, Asnath alikuwa anapita na ndoo, akapunguza mwendo, akasimama kwenye uzio akichungulia.

Uji ulipopoa kiasi, Bibi Raheli aliumimina kwenye kikombe cha bati, akakiinua mdomoni kwake. Ni desturi ya huku, kwenye togwa na pombe za harusi: anayekaribisha huonja kwanza, kutoa sumu. Watu hucheka wanapolisema neno hilo. Yeye hakucheka.

"Unafanya nini, shemeji?"

"Natoa sumu."

Mzee alimtazama muda, kutoka chini ya blanketi, macho mekundu. Kisha akaunyosha mkono wake wa kulia, ule uliokuwa ukitikisika, ukaja mpaka kwenye kikombe ukakishika juu ya vidole vya Bibi Raheli.

"Lete hapa," alisema. "Usininywee uji wangu."

"Niache nianze mimi."

"Lete, nimesema. Uji wako uko kwako."

Akakivuta. Uji ulimwagikia kidevuni na kwenye blanketi, na hakuna aliyeinama kuufuta. Alikunywa funda la kwanza, akapumzika, akanywa la pili. Bibi Raheli alikaa mbele yake, mikono imebaki hewani ikiwa bado na umbo la kikombe, akiliangalia koo lile la kizee likipanda na kushuka, na kila liliposhuka naye alimeza, akangoja.